Pazia, Bomba na Baba Mkwe: Kutoka Uyole hadi Iringa

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananiuliza swali lile lile: ilikuwaje hadi nikazingirwa na watu Makambako? Na kila mmoja ana habari yake. Wapo waliosikia nimekamatwa kwa kuiba mzee. Wapo waliosikia gari limezama mtoni. Nimechoka kueleza vipande vipande mlangoni mwa kanisa huku nimeshika mwavuli, kwa hiyo naandika yote hapa, mtumiane kwenye simu, mniache nipumue.

Kwa wale mtakaotumiwa bila kunifahamu: mimi ni Mhehe wa Kilolo niliyeolewa na Mnyakyusa. Mume wangu, Baba Lusajo, anaendesha malori ya Zambia, nyumbani hupita kama mgeni. Baba mkwe anaishi nasi, nyumba yake peke yake kule uani. Jina lake silitaji hata hapa. Kwa wakwe zangu, mke wa mwana hamtaji baba mkwe kwa jina, hamtazami, hazungumzi naye, wala hakai naye chini ya paa moja. Nilipoolewa nilidhani wananitania. Hawakuwa wanatania. Miaka yote hii nampikia, nafua nguo zake, watoto wanapeleka. Nikimwona njiani najibanza kwenye migomba hadi apite. Macho yake yalipoingia ukungu niliacha kujibanza, nikawa nasimama tu kimya, naye anapita hajui. Msidhani nilifurahia nafuu hiyo. Kumwona mtu mzima akipapasa ukuta wa nyumba aliyoijenga mwenyewe kulinikata maini.

Dada yangu Veronika ni muuguzi Iringa. Ndiye aliyetupatia nafasi kwa madaktari wa macho wanaokuja pale siku chache kisha wanaondoka. Jicho moja la Baba lilikwishazima kabisa. Tulikuwa tunaligombea hilo lililobaki. Veronika akanionya: "Mlete mzima. Asije anakohoa. Mtu akikohoa daktari yuko ndani ya jicho, utapoteza jicho. Wakisikia kikohozi wanamrudisha, na hawa wakiondoka sijui wanarudi lini."

Mimi ni mtu wa wasiwasi, mnanijua. Kuanzia siku ile, kila mtu aliyepiga chafya mtaani kwetu nilimwona ni adui.

Uyole hadi Chimala

Basi Baba haliwezi. Mgongo unamsumbua, lazima ajilaze, na kila baada ya muda anataka kuteremka. Likabaki gari-nyumba letu, lile ambalo mume wangu alilinunua kwa wazungu wazee waliokuwa wanarudi kwao. Lina kitanda nyuma, jiko dogo la gesi, na sinki lenye bomba linalopata maji kutoka tangi la paani. Uyole wote wanaliita Konokono, kwa sababu limebeba nyumba na kwa sababu ya mwendo wake.

Sasa swali: je, mkwe anaweza kumwendesha baba mkwe ndani ya Konokono? Baba mdogo, nduguye Baba, aliitisha kikao uani. Mimi nilikuwa jikoni nasikiliza kupitia dirishani.

"Lina kitanda?" akauliza.

"Lina kitanda," wakamjibu.

"Lina maji?"

"Lina maji."

"Lina paa. Basi hiyo ni nyumba. Hawawezi kukaa wote."

Mume wangu alikuwa kwenye simu, amewekwa kwa sauti kubwa. "Baba mdogo, nyumba gani inasimamishwa na trafiki?"

Walibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe wakakubaliana: litundikwe pazia la kitenge kati ya kiti cha dereva na huko nyuma, kizito, hadi chini. Mbele iwe gari, nyuma iwe nyumba. Kioo cha kutazamia nyuma kikang'olewa nisije nikamwona kwa bahati mbaya. Na wifi yangu Tusekile, binti wa Baba, akae nami mbele awe mdomo wetu.

Mkumbuke na hili, maana ndilo lililotuponza. Wifi alimwambia baba yake kwa sauti ya kumwambia kiziwi, "Baba, ukitaka haja, gonga bati mara mbili. Umesikia? Haja tu. Usigonge ovyo, gari hili likisimama kuliwasha ni kazi."

"Nimesikia, mwe," Baba akajibu.

Tukaondoka. Kuendesha bila kioo cha nyuma kwenye barabara ya malori ya Tunduma kunahitaji roho ya paka. Nilishika usukani kwa mikono miwili hadi Igurusi. Wifi alikuwa anakula ndizi na kunisimulia ndoa za watu. Nilianza kusikia sauti ndogo tulipokaribia Chimala: to, to, to.

"Wifi, unasikia?"

"Nasikia nini? Wewe unasikia hata nywele zikiota."

Chimala tulisimama tule. Wifi akaenda nyuma na sahani ya mbalaga, zile ndizi za kwao za kupika, akarudi akasema bomba la sinki linavuja kidogo na sinki lenyewe limeziba, amelitegea sufuria. "Tone tu. Usianze." Nikampigia mume wangu. Akasema nisiliguse hilo bomba, ni la zamani, likivunjika hakuna la kufanana nalo nchi hii, nisubiri arudi. Kisha mtandao ukakata.

Chimala hadi Igawa

Huku chini Usangu kuna joto, mpunga pande zote, na harufu ya pumba za mashine. Nilikuwa nimeanza kutulia. Ndipo simu ya wifi ikalia. Mwanawe mdogo, yule mwenye pumu, amebanwa, wanampeleka hospitali.

Nilimwambia twende wote turudi. Akakataa. "Mkirudi, jicho la Baba limekwenda. Mimi nitapata basi hapa hapa." Tukashikana mikono pale kando ya barabara kwenye njia panda ya Rujewa. Basi likaja, akapanda. (Mtoto alipona, msiwe na hofu. Jioni ile ile alikuwa anadai soda.)

Nikabaki mimi na pazia.

Nilikaa kwenye usukani nikiwaza. Kurudi siwezi, kumwita mtu mwingine simjui. Nilinunua wali na maharage kwa mama ntilie, nikaweka sahani kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, nikagonga, nikakimbia hadi chini ya mti wa mbali na kugeuza uso. Nilipogeuka sahani ilikuwa imeingia ndani. Baada ya muda ikatoka, tupu. Wanaume wawili waliokuwa wanapakia magunia ya mchele waliacha kazi kunitazama.

"Dada, umefuga nini humo ndani?" mmoja akauliza.

Niliwasha gari, kwa bahati likawaka.

Igawa hadi Makambako

Mnaoijua njia hii mnajua kwamba baada ya Igawa barabara inaacha bonde na kuanza kupanda. Joto linakwisha, upepo unaanza, na ukifika Makambako unatafuta sweta. Konokono lilipanda kwa gia ya kwanza, pua juu, matako chini. Malori yalikuwa yanapiga honi nyuma yangu na sikuyaona.

Na ile sauti ilikuwa imekoma. Nilishukuru Mungu. Nikajiambia, bomba limejifunga lenyewe, wasiwasi wako ni wa bure kama wifi anavyosema. Baba hakugonga. Nikasema amelala, mzee wa watu, apumzike.

Makambako niliingia kituo cha mafuta. Kijana wa pampu akanyoosha kidole nyuma ya gari. Maji yalikuwa yanachuruzika kupitia chini ya mlango. Na kutoka ndani nikasikia kikohozi.

Nilishika mlango nikataka kuufungua, nikakumbuka, nikauacha, nikaushika tena. Kando ya kituo palikuwa na mama anayeuza chai na viazi vya kukaanga, Mbena mnene mwenye kilemba cha njano. Nikamkimbilia na salamu ya kwao. "Mama, kamwene, nakuomba uniangalizie mzee humo ndani. Mimi siwezi kuingia."

Akaniangalia juu hadi chini, akaingia. Nikasikia, "Yesu wangu!"

Alitoka amemshika Baba mkono. Niligeuza uso haraka, lakini nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye koti lake. Sufuria ilikuwa imejaa tangu chini ya mlima. Gari lilipoinua pua maji yote yakakimbilia nyuma, kwenye godoro, na bomba likaendelea kumwaga taratibu bila hata kutoa sauti. Baba alikuwa amelala kwenye maji njia nzima, na upepo wa Makambako unaingia kwenye nyufa za dirisha.

"Mzee, kwa nini hukugonga?" mama wa chai akamuuliza.

"Sikuwa na haja," Baba akasema.

Alikuwa ameambiwa agonge kwa haja tu. Kulowa hakukuwamo kwenye makubaliano. Kusema na mimi hawezi, kwa hiyo alinyamaza kwa adabu, na mimi nilikuwa mbele namshukuru Mungu kwa adabu hiyo hiyo.

Watu walikuwa wamejaa. Mama wa chai alimweka Baba karibu na jiko lake la mkaa, kisha akanigeukia, mikono kiunoni. "Wewe ni mtu wa namna gani? Unabeba mzee wa watu kama gunia la viazi, analowa, anakohoa, na hata kumtazama hutaki? Umemtoa wapi?"

"Labda ameibwa," mtu akasema. Mwingine akasema waite polisi. Mwingine akataka kujua ndani ya gari kuna nini kingine. Mimi nilikuwa nimesimama nimewapa wote mgongo, kwa kuwa Baba alikuwa upande wao, na mtu gani asiyetazama watu usoni akaaminiwa? Nikajaribu kueleza nikiwa nimeutazama ukuta wa kituo cha mafuta. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwendawazimu.

Ndipo nikasikia sauti ya Baba. Sikuwahi kuisikia ikinizungumzia mimi.

"Mwacheni huyo. Ni mkwe wangu. Ananipa mgongo kwa kuniheshimu. Hata binti zangu wa kuzaa hawajanitunza hivyo."

Mzee mmoja wa Kinyakyusa, aliyekuwa anasubiri basi la Tukuyu, akasema, "Ndaga fijo, asante sana mzee, ni kweli, kwetu ndivyo," na watu wakaanza kutawanyika kwa aibu. Mimi nikaendelea kuutazama ule ukuta, maana nilikuwa nalia na sikutaka waone.

Makambako: bomba lenyewe

Kesho yake mchana ndiyo ilikuwa siku ya kumwona daktari. Mama wa chai, ambaye sasa alikuwa ananiita mwanangu, alimvisha Baba nguo kavu za mumewe na kumpa chai ya tangawizi. Godoro tulilianika ukutani. Lakini bomba lilikuwa bado linamwaga, na bila kuliziba Baba angelowa tena hadi Iringa.

Kwanza nilitaka kufunga maji ya tangi. Koki imeganda kwa kutu, haigeuki hata ukiomba. Basi nikafungua bomba lote, maji yatoke yaishe, na wanawake wa jirani wakaja na ndoo, hakuna aliyetaka yapotee. Baba akiwa nje kwenye jiko la mama wa chai, mimi niliruhusiwa kuingia. Nikashika spana ya mume wangu na kukumbuka maneno yake: likivunjika hakuna la kufanana nalo. Nikazungusha. Kitu kikalia kra! Nikafumba macho. Nilipofumbua, bomba lilikuwa zima, ni kutu tu iliyoachia.

Nikavuta shina la bomba nje. Chini yake kabisa, pale panapokandamiza maji, kulikuwa na washa, kile kiduara cha mpira cha kuzuia maji, iliyooza hadi imekuwa kama punje ya dengu iliyopikwa sana. Ndiyo hiyo tu. Kitu cha ukubwa wa kifungo cha shati kilikuwa kinataka kutunyang'anya jicho la mtu.

Nilikimbia duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka, Bwana Salim, ni Mhindi aliyezaliwa Iringa, akanisalimu kwa Kihehe kizuri kuliko changu. Alimwaga kopo zima la washa mezani. Tukajaribu moja moja. Hii kubwa, hii ndogo, hii ina tundu pana. "Huyu babu yake bomba," akasema akiligeuzageuza lile shina. "Nunua bomba jipya." Bomba jipya halikuingia kwenye tundu la sinki. Nikatoka na kipande cha msasa tu.

Nilivua kandambili yangu nikajaribu kukata washa kwenye soli. Imelika, nyembamba kama chapati za harusi ya watu wengi. Nilirudisha shina, tukamimina ndoo moja kwenye tangi, to, to, to. Nikakaa chini kwenye sakafu yenye maji.

Mama wa chai akachungulia mlangoni. Mkononi alikuwa na kandambili mpya, za bluu, nene. Nilizijua. Nilizinunua mwenyewe kwa ajili ya Baba, avae hospitalini.

"Mzee anasema ukate hizi. Amesikia unalia."

"Silii."

"Haya. Anasema ukate hata kama hulii."

Kitu cha baba mkwe si cha kuchezea kwa wembe, hilo hata mimi Mhehe nalijua. Lakini ni yeye aliyenipa. Nilichukua kifuniko cha kalamu, nikakikandamiza kwenye kisigino cha soli kupata duara, nikazungusha wembe. Nikatoboa katikati kwa msumari uliotiwa moto. Ikawa nene mno. Nikaipunguza na msasa, nikajaribu, nikatoa, nikapunguza tena. Kisha nikaingiza kidole kwenye bomba, nikahisi ukoko wa chumvi pale washa inapokaa, nikausugua hadi pakawa laini. Nikafunga. Tukamimina maji.

Sote wawili tulikitazama kinywa cha bomba. Tone moja likajikusanya, likaning'inia. Mama wa chai akaanza kuomba kwa Kibena. Tone likakaa pale pale. Nikalipangusa kwa kidole, na halikuja jingine.

Usiku Baba alilala kwa mama wa chai. Mimi nililala garini, kama mtu anayelala, maana kila nilipopata usingizi niliota tone.

Makambako hadi Mafinga

Bomba lilikuwa kavu. Sasa nilikuwa nasikiliza kifua. Baba alikohoa tulipotoka mjini. Akakohoa tena Nyororo. Kila akikohoa, mguu wangu unaachia mafuta bila kupenda, na malori yanapiga honi. Nilijiuliza nitamwambia nini mume wangu. Nitamwambia nilisikia sauti ya maji tangu Chimala na nikaendelea kuendesha?

Karibu na misitu ya misonobari ya Mafinga, bati likagongwa mara mbili. Nikasimama, nikageuza uso, nikasubiri mlango ufunguke. Haukufunguka. Bati likagongwa tena. Nikasubiri. Kisha nyuma ya kitenge, sauti ikasema:

"Wewe pazia. Mwambie aliyeko mbele kwamba mzee anasikia baridi miguuni. Anaomba lile blanketi."

Kumjibu siwezi. Lakini hakuzungumza na mimi, alizungumza na pazia.

"Pazia," nikasema, "mwambie mzee blanketi hili hapa." Nikalipitisha chini ya kitenge. "Na umwambie asamehe mwendo wa gari. Na kama kuna kitu chochote kinamsumbua, agonge. Si kwa haja tu. Chochote."

"Pazia, mwambie nimesikia."

Kuanzia pale hadi Ifunda pazia halikupumzika. Baba aliliuliza kama wazazi wangu wa Kilolo wazima. Akalisimulia jinsi mume wangu alivyokuwa akikataa kuoga utotoni. Akaliambia kwamba ugali wangu zamani ulikuwa mgumu, siku hizi unafaa. Nilicheka hadi nikasahau kuogopa, na nilipokumbuka kuogopa, nikagundua hajakohoa muda mrefu.

Iringa

Tulipanda kutoka Ipogolo, moshi wa Konokono ukawafukuza watu kando ya barabara, tukafika kwa Veronika Kihesa, na kutoka pale tukaenda hospitali, yeye mwenyewe akampeleka Baba ndani. Mimi nilibaki uani. Mwanya wa dirisha ukanipa sauti tu.

"Anakohoa?" daktari akauliza.

"Alilowa kidogo jana," Veronika akasema. Dada yangu hajui kudanganya, ni kilema chake.

Daktari akampima kifua: Vuta pumzi, mzee. Toa. Tena. Nilishika nondo za dirisha. Kisha daktari akasema kifua ni safi, ila aketi pale asubiri, na akikohoa hata mara moja kabla ya zamu yake atarudishwa. Baba alikaa kwenye benchi akisubiri. Veronika aliniambia baadaye kwamba alikaa mdomo amefunga, amekunja ngumi, jasho linamtiririka. Na mimi upande wa pili wa ukuta nilikuwa nimefunga mdomo wangu vile vile, sijui nilikuwa namsaidia nini.

Wakamwita. Wakamfanyia upasuaji. Wakamfunga bandeji.

Asubuhi yake walikuwa wanaifungua. Sikuweza kukaa. Nikajipa kazi ya kufua lile blanketi kwenye bomba la uani, katikati kabisa, peupe, kama nilivyozoea kusimama mbele yake tangu macho yaharibike. Mlango ukafunguka. Veronika akatoka naye, amemshika kiwiko. Baba akainua uso kwenye jua, akapepesa, akageuza kichwa taratibu: mti, ukuta, watu kwenye foleni. Kisha uso wake ukaja moja kwa moja kwangu.

Akashtuka. Akavua kofia yake haraka akajifunika uso, akageuka kwa kasi hadi akajikwaa kwenye ngazi, akanipa mgongo.

"Veronika!" akasema kwa sauti ya ukali. "Mbona hamkuniambia mkwe wangu yuko hapo?"

Nilipaswa kukimbia nikajibanze. Niliacha blanketi, nikaenda nyuma ya ukuta, nikakaa chini, nikalia kwa furaha.